Darasa la Kelele

Nyinyi mnaoanza kazi ya kufundisha wageni Kiswahili, naanza na neno ambalo pengine litawaudhi waliowapa semina. Zile karatasi zinazosema Mjapani hujifunza hivi na Mmarekani hujifunza vile, zifungieni njugu. Mimi nimefundisha wageni huku Pwani ya Kusini, Diani kwanza na Msambweni baadaye, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sijawahi kumfundisha Mjerumani hata mmoja. Nimemfundisha Matias, ambaye kwao ni Ujerumani. Subirini kidogo, mtaelewa ninachosema.

Karatasi yangu mimi niliipata mwishoni mwa miaka ya tisini. Kituo chetu kilikuwa nyumba ya kupanga pale Msambweni, vyumba viwili, baraza pana na paa la mabati. Vyuo vikuu vya ng'ambo vilileta wanafunzi wao wakae nasi miezi michache, kila mmoja katika nyumba ya mwenyeji wake. Asubuhi walisoma Kiswahili, na muhula ukiisha walikwenda kwenye kazi walizojia, huyu zahanati, yule shuleni, mwingine kwa wakulima. Lakini kabla ya kwenda kulikuwa na mtihani wa kuzungumza. Mtahini alitoka Nairobi, akaingia chumbani na mwanafunzi peke yake, mlango ukafungwa, wakazungumza. Aliyeweza aliendelea na kazi yake. Asiyeweza alirudishwa kwao, na mwaka wake wa chuo ukawa umekwenda na maji.

Meneja wetu alikuwa Bwana Mutua, kijana wa Machakos aliyekuja kufanya kazi za hoteli Ukunda, kisha akapata hii ya kituo. Alikuwa mtu mwema na mwenye hofu. Karatasi ilipofika kutoka ofisi kubwa, aliisoma kama amri. Wajapani ni wanyamavu, hawaulizi maswali, usiwasumbue. Wamarekani wanapenda kusema, waachie uwanja. Wajerumani wape ratiba na majedwali. Wabrazili wape nyimbo. Bwana Mutua akapanga hata viti kwa mujibu wa karatasi, Mjapani pembeni karibu na ukuta asisumbuliwe, Mmarekani katikati.

Basi tukapata mmoja wa kila namna, na sijui ni nani aliyekuwa akituchezea.

Kenji, huyo Mjapani aliyewekwa pembeni, alifungua kinywa siku ya kwanza na hakukifunga tena. Nikisema neno, yeye, "Kwa nini?" Nikimweleza kwa nini, yeye, "Lakini?" Siku moja alirudi kutoka dukani amenuna. Aliingia akasema anataka sabuni, na mwenye duka badala ya kumpa sabuni akamwuliza ameamkaje. Akajibu, akaomba sabuni tena. Mwenye duka akamwuliza habari za nyumbani.

"Mwalimu, sabuni iko nyuma yake," akaniambia. "Mimi naiona. Kwa nini tunazungumza nyumba?"

"Kwa sababu umeiona sabuni, yeye hukumwona."

Akafikiri. "Na kama nina haraka?"

"Amka mapema."

Matias, wa Ujerumani, nilimchorea jedwali la vitenzi kwa chaki za rangi, nikalionea fahari. Alilitazama kwa adabu, mguu wake ukitikisika chini ya meza, na kesho yake hakukumbuka hata mstari mmoja. Kukaa kulikuwa kunamwua. Nikamtuma Kombani siku ya soko, anunue nyanya na kurudi na habari. Alirudi nyanya zimepondeka na sentensi ni nzima. Kuanzia hapo Kombani ndiyo ikawa darasa lake, ingawa wakati mwingine alileta maneno ambayo sikuyafundisha na sitayaandika hapa, maana wale mama wa nyanya walikuwa na midomo.

Ana Paula, wa Brazili, alinivumilia nyimbo mbili. Katika wimbo wa tatu akainua mkono akaniomba kwa upole niache kuimba na niandike ubaoni. Yeye neno asiloliandika kwa mkono wake halikuingia.

Akabaki Beki. Jina lake kamili ni Rebecca, Mmarekani, na kwa mujibu wa karatasi alipaswa kutuzidi sote kwa maneno. Beki hakusema kitu.

Msifikiri alikuwa mzito. Mitihani ya kuandika aliifanya vizuri kuliko wenzake wote, na ukimpa maagizo aliyafuata bila kukosea. Lakini nikimwita jina, "Beki, hebu tuambie," shingo yake iligeuka nyekundu, midomo ikacheza, na sauti haikutoka. Wenzake walitazama sakafu kwa kumwonea haya, jambo lililozidisha hofu yake. Nilijaribu kumwita mwanzo, nikajaribu kumwita mwisho. Nilimpa muda, nikamtabasamia mpaka mashavu yakaniuma. Kila nilipozidi kumngoja kwa upole, ndivyo koo lake lilivyozidi kufunga.

Mwenyeji wake, Bi Mwanasiti, Mdigo wa hapo hapo Msambweni, alinijia kituoni siku moja na buibui lake limelowa jasho.

"Mwalimu Zainabu, hujambo? Watoto hawajambo? Nyumba yote salama?"

"Alhamdulillahi. Na kwako?"

"Kwangu salama, ila huyu mwanangu uliyenipa. Ana nini? Kila nisemalo analielewa. Nikisema lete mbuzi nikune nazi, huyo na mbuzi mkononi. Lakini nikimwuliza mbele ya watoto, 'Umeshiba?' ananitazama machozi yanamlenga. Hata ndiyo haitoki. Kuna mtu kamfanyia jambo?"

"Hapana, Bi Mwanasiti, hakuna aliyemfanyia."

"Basi nimsomee dua?"

"Msomee, haidhuru. Ila usimwulize kitu mbele za watu."

Beki mwenyewe alinieleza kwa Kiingereza, tukiwa wawili tu tunafuta ubao. Alisema hata kwao ilikuwa hivyo tangu utotoni, mtu akimtazama akingoja jibu, maneno yote anayajua na hakuna hata moja linalokubali kutoka. Alikuwa akisomea uuguzi. Kazi aliyoijia ilikuwa katika zahanati moja huko ndani, upande wa Taru, ambako muuguzi Bi Kadzo alikuwa akihudumia peke yake akina mama wanaotembea kutoka mbali wakiwa na watoto mgongoni. Beki alikuwa amekwishapelekwa mara moja kupaona. Alishinda akichota maji na kupima uzito wa watoto, na aliporudi uso wake ulikuwa uso wa mtu mwingine.

"Nikifeli nitarudishwa nyumbani," aliniambia, "na Bi Kadzo atabaki vilevile, peke yake."

Nilimwambia inshallah hatafeli. Nilisema kwa sauti ya mwalimu, lakini moyoni sikuona njia.

Kisha ikaja mvua. Wenye umri wangu wanaikumbuka, ile waliyoiita El Nino, iliyokata barabara na kufanya watu wavuke kwa mitumbwi mahali walipozoea kupita kwa baiskeli. Mnajua mvua inapopiga mabati. Mimi nikisema, Ana Paula ananiashiria niandike. Nikiandika, chaki imelowa, ubao hauipokei. Kenji anauliza swali, naona midomo tu. Bwana Mutua akapiga kelele kutoka ofisini kwamba tufunge darasa mpaka anga litulie, na anga halikuwa na nia hiyo.

Hapo nikamkumbuka shangazi yangu Mwanaisha. Shangazi alitusomesha chuo cha Kurani barazani kwake, huku anakaanga mahamri ya kuuza. Waliosoma chuo cha zamani wanajua kilivyokuwa. Hakuna kunyoosha mkono wala kungojana zamu. Kila mtoto ana somo lake, huyu yuko mwanzo, yule amefika mbali, na wote wanasoma kwa sauti kwa wakati mmoja. Mpita njia husikia fujo tupu. Shangazi alikuwa ametupa kisogo, yuko na karai lake, mafuta yanachemka, na mmoja wetu akikosea herufi moja, yeye hugonga ukingo wa karai kwa kijiko. Ti! Hataji jina wala hageuki. Aliyekosea anajijua, anarudia. Nami kwa miaka mingi niliamini shangazi ana masikio zaidi ya mawili.

Nikawaambia wanafunzi wangu, kwa mikono zaidi kuliko mdomo, "Kila mtu ashike somo lake. Someni kwa sauti, wote pamoja, msisubiriane!" Kila mmoja alikuwa na somo la kazi yake. Kenji alikuwa na kipande cha gazeti kuhusu bei ya mahindi. Ana Paula, aliyekuja kusomea mapishi na maisha ya nyumbani, alikuwa na maelezo ya pilau aliyoyaandika jikoni kwa mwenyeji wake. Matias alikuwa na maelekezo ya njia ya kutoka Likoni mpaka Kwale, kupitia Kombani. Beki alikuwa na maneno ya kumwambia mama ambaye mtoto wake anaharisha.

Nikageukia ukuta. Mvua ikanguruma juu, wao wakanguruma chini. Nikafumba macho kama shangazi, nikasikia mahindi, vitunguu, panda mlima. Halafu chini ya yote hayo nikasikia sauti ambayo sikuijua. Ilikuwa nyembamba, inakatika, inarudi. Ilisema, "Mpe maji kidogo kidogo, usimpe mengi mara moja."

Nilitamani kugeuka mpaka shingo ikaniuma. Sikugeuka.

Hapa nisikilizeni vizuri, maana ufundi wenyewe ndio huu. Usijaribu kumsikia kila mtu, utaumwa kichwa bure. Acha sauti zao ziwe kitu kimoja, kama chungu kinachochemka, na kosa litajitokeza lenyewe. Likitokea, gonga. Mimi niligonga meza kwa rula. Usitaje jina na usimtazame mtu, kwa sababu siku utakapotazama umerudi kule kule kwa kungojana. Siku za kwanza wote walidhani nimewagongea wao, wote wakarudia, na hakuna aliyepata hasara kwa kurudia. Wakishazoea kusoma, funga karatasi, waambie kila mtu aeleze somo lake kwa maneno yake. Wakishazoea hayo, uliza swali ukiutazama ukuta, nao wajibu wote kwa pamoja, kila mmoja jibu lake. Beki alipita njia yote hiyo. Mvua ilipokaribia kuisha alikuwa akinijibu maswali kamili, mradi wenzake wanapiga kelele na mimi nimewapa kisogo.

Msiichukue hii kuwa dawa ya kila ugonjwa. Miaka iliyofuata nilijaribu darasa hilohilo na kundi jingine, wakanitazama kana kwamba nimepandwa na pepo. Wale walitaka kutembea, wote, basi nikavaa ndala tukatembea nao pwani mpaka Gazi, wakataja kila walichokiona.

Mvua ilipokoma, ukimya ukarudi, na shingo ya Beki ikarudi kuwa nyekundu. Nikaamua kelele ziendelee, mvua au jua. Wa kwanza kupinga alikuwa Kenji.

"Mwalimu, hii si darasa. Hii ni soko la samaki. Mimi nasema, hakuna mtu anasikiliza. Nimekuja mbali kuzungumza na watu."

Hakuwa na kosa. Alikwenda kwa Bwana Mutua, na Bwana Mutua akanijia anafuta jasho.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Sasa, Mwalimu, hii maneno ya kusoma kama madrasa. Mabosi wakikuja wapate hiyo kelele, tutasema nini? Hawa watu wanataka diskasheni. Wakae kwa grupu, waulizane. Hata karatasi inasema."

"Karatasi inasema Kenji ni mnyamavu, Bwana Mutua."

Akacheka mwenyewe. Tukakubaliana kugawa asubuhi, nusu ya kwanza kelele, nusu ya pili mjadala. Kenji akapata mjadala wake, na ilikuwa raha kumsikia akibishana na Matias kama mkulima auze mahindi sasa au angoje. Matias alibishana akiwa amesimama. Ana Paula aliandika hoja zao zote. Beki katika nusu ile alinyamaza, akajifunza kwa masikio, nami sikumsumbua.

Wakati wa kelele Kenji alikaa jirani na Beki. Siku moja nikiwa nimetazama ukuta nilisikia mahindi yamekatika ghafla. Nikagonga. Mahindi hayakurudi. Nikagonga tena, yakarudi. Wakati wa chai akanifuata nje, nyuma ya tangi la maji.

"Mwalimu, Beki anasema."

"Najua."

"Anasema vizuri kuliko mimi."

"Ukimtazama atanyamaza. Wewe soma."

Akanyamaza kidogo, na kwa Kenji huo ulikuwa muda mrefu. "Mimi bado sipendi hii."

"Sikukuambia upende. Nimekuambia usome."

Tangu siku hiyo hakuna aliyesoma kwa sauti kubwa kuliko Kenji. Watoto wa jirani walianza kuijua bei ya mahindi kwa moyo, wakiipita baraza yetu wakiimba.

Mtahini alikuja muhula ulipoisha. Alikuwa Daktari Nyambura, mama wa makamo, nadhifu, mkali wa haki. Hakuchukua hata dafu tulilomwekea kabla ya kazi kwisha. Nilimwomba faraghani aniruhusu niketi chumbani na mwanafunzi mmoja, nisiseme neno, niwepo tu. Nikamweleza Beki alivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, nimekuelewa," akasema. "Lakini mama akija zahanati na mtoto anaumwa, wewe utakuwapo?"

Alikuwa amesema kweli. Nikatoka.

Matias aliingia wa kwanza, na nikasikia viatu vyake vikizunguka chumba muda wote. Alitoka anacheka. Ana Paula alitoka akiandika alichoulizwa. Kenji alikaa humo mpaka Bwana Mutua akaanza kutazama saa, na mlango ulipofunguka Daktari Nyambura alikuwa anafuta machozi ya kicheko, akisema, "Huyu angekuwa wakili." Wote watatu walikuwa wamepita. Walikaa barazani wakingoja mwenzao amalize, waende kula viazi vya karai.

Beki aliitwa. Alinipita bila kunitazama, mikono ameishikanisha. Mlango ukafungwa. Dirisha la mbao lilikuwa limerudishwa nusu kuzuia jua, na tulisikia kila kitu.

"Mimi ni mama wa kijijini," Daktari Nyambura akasema ndani, kwa sauti ya upole. "Nimetembea tangu alfajiri. Mtoto wangu anaharisha. Nisaidie."

Kimya.

"Nisaidie, mwanangu. Mtoto anaharisha."

Kimya. Kuku wa jirani alipita akikwaruza mchanga, nikamsikia kuliko nilivyowahi kumsikia kuku. Nilijua ndani mule shingo imekuwaje. Nilijua midomo inacheza. Niliomba kila dua niliyofundishwa na shangazi na nyingine nilizotunga papo hapo, na nilikuwa karibu kulia, mtu mzima mimi, mbele ya wanafunzi.

Tukasikia kalamu inawekwa mezani. "Pole, binti," Daktari Nyambura akasema. "Nitangoja kidogo tena, kisha itabidi tufunge."

Kenji akasimama. Hakuniuliza, na kama angeniuliza sijui ningemjibu nini, maana mtihani ni mtihani. Alitembea mpaka chini ya dirisha, akatoa kile kipande chake cha gazeti mfukoni, akakikunjua, akakaza miguu, na akaanza kwa sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto.

"Wakulima wa mahindi wamelalamikia bei mpya!"

Ana Paula alinitazama. Mimi nikatazama miguu yangu. Akafungua daftari. "Kaanga vitunguu mpaka viwe vyekundu, halafu tia thumu!"

"Ukitoka Likoni," Matias akanguruma, anatembea huku na huku, "ukifika Kombani shika njia ya kulia, panda mlima!"

Bwana Mutua akatoka ofisini mbio, mkono kichwani. "Ai! Jameni! Si kuna mtihani! Mwalimu, waambie!"

Dirisha likafunguliwa kwa nguvu. Daktari Nyambura akatoa kichwa, uso umekunjamana. "Nini hii? Nyamazeni mara moja! Hamwoni kuna mtu anatahiniwa?"

Kenji akamwinamia kwa heshima zote, kisha akazidisha sauti. "Serikali imeombwa kuingilia kati!"

Daktari Nyambura akashika dirisha alifunge, na hapo nyuma yake, ndani ya chumba, mtu akasema kwa sauti kubwa, kama mtu aliyezoea kusema penye kelele.

"Karibu, mama. Keti. Pole na safari. Mtoto ameanza kuharisha lini?"

Mkono wa Daktari Nyambura ukabaki juu ya mbao. Hakugeuka haraka. Alitutazama sisi wa nje, mmoja mmoja, na jicho lake likanifikia mimi na kukaa hapo. Sikuinama. Kisha akaliacha dirisha wazi kama lilivyo, akarudi kitini, na kwa kuwa kelele zilikuwa nyingi naye ikambidi apaze sauti.

"Tangu jana alfajiri, mwanangu!"

"Anatapika?"

"Usiku alitapika!"

"Ananyonya?"

"Kidogo tu!"

Nilikaa chini kwenye ukingo wa baraza. Beki aliuliza kuhusu damu, akauliza kuhusu homa, akamwambia mama amfunue mtoto amtazame macho. Aliomba ruhusa kabla ya kumgusa mtoto, jambo ambalo sikumfundisha mimi, huenda alilipata kwa Bi Mwanasiti au kwa Bi Kadzo.

Nje, pilau la Ana Paula likaiva. Alifunga daftari lake taratibu. Matias akafika Kwale, na hakuwa na njia nyingine ya kuendelea, akasimama. Kenji peke yake alimaliza gazeti lake, akalianza upya, akishusha sauti kila sentensi, akisoma na kusikiliza, akisoma na kusikiliza. Mwisho midomo yake ilisogea bila sauti. Kisha akaacha hata hiyo, akaikunja karatasi.

Hapakuwa na kelele tena. Hata Bwana Mutua alikuwa amesimama kimya mlangoni pa ofisi. Nikafumba macho nikingoja sauti ya ndani ikatike.

"Chukua maji uliyochemsha," Beki alikuwa anasema, "tia sukari, na chumvi kidogo sana. Onja wewe kwanza. Yasizidi chumvi ya machozi."

"Na kuni zikiwa zimelowa?" Daktari Nyambura akauliza. Sasa hakuwa na haja ya kupaza sauti, na hakupaza. "Maji nitayachemsha na nini?"

"Omba moto kwa jirani, mama. Mwambie ni wa mtoto, hatakunyima. Mpe maji kidogo kidogo, usimpe mengi mara moja. Akitapika, ngoja kidogo, mpe tena. Na kesho asubuhi umlete nimtazame."

"Nimetoka mbali, mwanangu. Kesho nikija, nitamkuta nani?"

Nilifumbua macho. Kupitia dirisha nilimwona Beki. Shingo ilikuwa nyekundu bado, lakini alikuwa amemwinamia yule mama, anamtazama usoni.

"Utanikuta mimi," akasema. "Mimi na Bi Kadzo."

Daktari Nyambura akaichukua tena kalamu yake.

"Haya, mwanangu," akajibu. "Nitamleta."